Jinsi ya kukagua ufikivu wa tovuti ya halmashauri: mwongozo kamili kwa maafisa wa Mwanza na kanda ya ziwa

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa maafisa TEHAMA na maafisa habari wa huku kwetu ni lile lile: "Tumeipima tovuti, imepata alama 94 kati ya 100, mbona watu wenye ulemavu bado wanalalamika?" Alama hiyo imetolewa na programu. Programu haiombi mkopo wa kikundi, haitafuti jina la mtoto kwenye orodha ya waliopangiwa shule, wala haihangaiki na leseni ya biashara. Hayo anayafanya mwananchi, na yeye ndiye anayekwama.

Ufikivu maana yake ni kwamba mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, au asiyeweza kushika mausi anapata kwenye tovuti kile kile anachopata mwingine, bila kumwomba jirani amsomee. Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa tovuti ya halmashauri, hospitali ya umma, mamlaka ya maji au chuo. Nimezipanga kwa kufuata pale ambapo ofisi nyingi hukwama.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Kompyuta yenye Windows na vivinjari viwili, Chrome na Firefox.
- NVDA, kisoma skrini kinachopatikana bure. Hutamka kwa sauti kilichopo kwenye skrini.
- Simu ya Android ya bei ya kawaida, kama zile walizonazo wananchi. TalkBack, kisoma skrini cha Android, huwa tayari imo ndani ya simu nyingi, kwenye mipangilio ya ufikivu.
- WAVE (kiongezo cha kivinjari) na Lighthouse (ipo ndani ya Chrome) za kutafuta kasoro za ukurasa, Colour Contrast Analyser ya kupima rangi, na PAC ya kukagua PDF. Zote ni za bure.
- Vigezo vya WCAG, yaani mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, toleo la 2.2, vilivyotolewa Oktoba 2023. Vina ngazi tatu: A, AA na AAA. Lenga AA, yaani vigezo vyote vya A na AA, ambavyo jumla yake ni 55.
- Jedwali la Excel la kuandikia kasoro.
- Fedha ya nauli na posho kwa watumiaji watatu au wanne wenye ulemavu. Ukiikosa fedha hii, Hatua ya 8 itakufa, na ukaguzi utabaki nusu.
- Wiki mbili ambazo hujapangiwa safari nyingine.

## Hatua ya 1: Pata barua ya Mkurugenzi

Usianze kimyakimya. Neno "ukaguzi" ofisini linatisha, kwa sababu watu wamezoea hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Mkuu wa idara akisikia tovuti inakaguliwa, jambo la kwanza analowaza ni nani atalaumiwa. Matokeo yake ripoti hujibiwa kwa karatasi, hoja "inafungwa", na tovuti inabaki ilivyokuwa.

Barua iseme mambo matatu: ukaguzi huu hautafuti mkosaji, kila idara itapewa orodha yake ya kurekebisha, na kuna tarehe ya kukagua tena. Weka msingi wa kisheria: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja waziwazi teknolojia ya habari, intaneti ikiwemo.

Ukiulizwa kama jambo hili limefanyika kwingine, taja Uingereza. Kanuni zao za mwaka 2018 zilizitaka taasisi za umma ziwe na tovuti zinazofikika, na tovuti za zamani zikapewa hadi tarehe 23 Septemba 2020. Serikali ilipoanza kukagua, karibu tovuti zote zilikutwa na kasoro. Taasisi hupelekewa ripoti, hupewa wiki 12 za kurekebisha, kisha hukaguliwa tena. Mwambie Mkurugenzi hivi: kukutwa na kasoro si aibu, kila mtu anazo. Kinachopimwa ni hali ya tovuti siku ya kukaguliwa tena.

Hatua hii imekamilika pale barua yenye sahihi inapokuwa mezani kwako, na jina la mwenye dhamana ya ukaguzi limeandikwa ndani yake.

## Hatua ya 2: Chagua kazi za wananchi kwanza, kurasa baadaye

Wengi hukagua ukurasa wa mwanzo, "Kuhusu Sisi" na "Mawasiliano", wakaishia hapo. Hizo ndizo kurasa ambazo mwananchi hana shida nazo.

Andika kazi tano hadi nane ambazo watu huja kuzifanya kwenye tovuti yako. Kwa halmashauri ya huku, orodha ya kuanzia inaweza kuwa hivi:

1. Kusoma tangazo la mikopo ya asilimia 10 na kupakua fomu yake.
2. Kuangalia majina ya wanafunzi au ya walioitwa kwenye usaili.
3. Kujua masharti ya leseni ya biashara, au ada ya mwalo na soko la samaki.
4. Kupata namba ya simu ya mtendaji wa kata.
5. Kusoma tangazo la viwanja.
6. Kutuma malalamiko.

Kisha fuata kila kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiandika kila ukurasa, kila PDF na kila mfumo unaopita. Orodha hiyo ndiyo sampuli yako. Ongeza kurasa chache za kubahatisha, kama moja kwa kila kumi ulizochagua, ili ukaguzi usiangalie njia unazozifahamu tu.

Weka mikopo ya asilimia 10 mwanzoni, hata kama ofisi yako inaona kuna mambo makubwa kuliko hilo. Katika asilimia 10 hiyo ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Tangazo lisilosomeka na mtu asiyeona linamfungia nje kwenye fungu ambalo sheria imemtengea yeye.

## Hatua ya 3: Pitisha zana za kompyuta, kisha ziache

Fungua kila ukurasa wa sampuli kwenye WAVE na Lighthouse. Andika kasoro kwenye jedwali. Hii ni kazi ya nusu siku.

Usikae hapa zaidi ya hapo. Mwaka 2017 wataalamu wa kidijitali wa serikali ya Uingereza walitengeneza ukurasa wenye kasoro 142 za makusudi, wakaupima kwa zana mbalimbali. Iliyofanya vizuri zaidi ilikamata takribani asilimia 40. Zana inaweza kukuambia picha haina maelezo. Haiwezi kukuambia kwamba maelezo yaliyopo ni upuuzi.

Tahadhari: alama ya Lighthouse usiipeleke kwenye kikao cha menejimenti. Wakishaona 94, mjadala umekwisha.

## Hatua ya 4: Weka mausi kabatini

Tenganisha mausi na kompyuta. Fanya kazi zote za Hatua ya 2 kwa kibodi peke yake: Tab kusonga mbele, Shift na Tab kurudi nyuma, Enter kufungua, mishale ndani ya menyu.

Sababu ni kwamba mtu mwenye mikono inayotetemeka, aliyekatwa mkono, au asiyeona mara nyingi hatumii mausi. Tovuti ikimkatalia kwenye kibodi, imemkatalia kila kitu.

Angalia mambo haya:

- Je, unaona ulipo? Kila unapobonyeza Tab lazima alama ionekane, mstari au fremu kuzunguka kiungo. Waunda tovuti wengi huiondoa kwa sababu "inachafua muundo". Hii ni miongoni mwa kasoro zilizojitokeza sana kwenye kaguzi za Uingereza, na kwetu hali ni hiyo hiyo.
- Je, menyu ya "Idara" inafunguka kwa kibodi, au inataka kupitishiwa mausi juu yake?
- Je, kuna mahali unaingia na hutoki? Ramani zilizopachikwa na madirisha ya matangazo yanayojitokeza ghafla ndiyo mitego mikubwa.
- Picha zinazojibadilisha juu ya ukurasa na maandishi yanayotembea, je, yana kitufe cha kuyasimamisha? Chochote kinachojiendesha chenyewe zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maandishi mengine lazima kiweze kusimamishwa.

Umefaulu ukikamilisha kazi zote bila kuigusa mausi na bila kujiuliza hata mara moja "niko wapi?"

## Hatua ya 5: Sikiliza tovuti yako

Hapa ndipo maafisa wengi hukata tamaa. Wanawasha NVDA, inawapigia kelele, wanaizima. Nenda polepole.

Kwanza, kwenye mipangilio ya sauti ya NVDA chagua eSpeak NG. Huja pamoja na NVDA na ina matamshi ya Kiswahili. Halafu kwenye menyu ya NVDA, sehemu ya zana, fungua dirisha linaloandika kila kinachotamkwa. Litakusaidia kunakili maneno kwenda kwenye ripoti.

Jifunze vitufe vinne tu kwa kuanzia. H inakupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata. K, kiungo kinachofuata. F, sehemu ya fomu inayofuata. Insert pamoja na F7 inakupa orodha ya viungo na vichwa vyote vya ukurasa.

Lugha ya ukurasa. Bonyeza Ctrl na U uone msimbo wa ukurasa. Karibu na juu kabisa utakuta `<html lang="en">` au `<html lang="sw">`. Ikiwa ni "en" na ukurasa ni wa Kiswahili, kisoma skrini kitatamka Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Isikilize mwenyewe: "mikopo ya vikundi" inatoka kitu ambacho mama yako mzazi hawezi kukielewa. Kurekebisha ni kubadili herufi mbili, na kigezo hiki ni cha ngazi A, ile ya chini kabisa. Katika kasoro zote zilizomo humu, hakuna iliyo rahisi kurekebisha kama hii na yenye madhara makubwa kama hii. Ianze.

Picha. Afisa habari anapokea picha za ziara ya kiongozi kwa WhatsApp na kuzipandisha kama zilivyo. Asipoandika maelezo, kisoma skrini kinaweza kusoma jina la faili: "IMG, 20240611, WA0023". Picha kumi, namba kumi. Andika sentensi moja inayosema kinachoonekana na kwa nini picha ipo: "Wavuvi wa Kisiwa cha Kome wakipokea maboya ya kujiokolea". Picha ya pambo tu iachwe na maelezo matupu ili irukwe. Na bango la tangazo lenye maandishi ndani ya picha linahitaji maandishi hayo hayo yote ukurasani, si "Tangazo" peke yake.

Viungo. Bonyeza Insert na F7. Ukiona "Soma zaidi, Soma zaidi, Soma zaidi" mara kumi na mbili, umeona anachokiona mtu asiyeona. Kiungo kijisemee: "Soma zaidi kuhusu uuzaji wa viwanja Buswelu".

Vichwa. Kuongeza ukubwa wa herufi na kukoleza wino hakugeuzi mstari kuwa kichwa cha habari. Ukibonyeza H na NVDA ikasema hakuna kichwa, basi msomaji asiyeona analazimika kusikiliza ukurasa mzima ili apate aya moja.

Fomu. Ingia kwenye kila kisanduku. Kinapaswa kutamka jina lake: "Namba ya simu". Kikinyamaza, mtu hajui ajaze nini. Jaza kimakosa kwa makusudi uone kama ujumbe wa kosa unatamkwa, au unaonekana tu kwa rangi nyekundu. Kama fomu inadai mtu anakili herufi zilizopinda ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti, andika kasoro hiyo kwa uzito wa juu.

Rudia kazi mbili kwenye simu kwa TalkBack: telezesha kidole kulia kusonga, gusa mara mbili kufungua. Usiipite hatua hii kwa kuwa umeshatumia kompyuta. Kuanzia Igoma hadi Ukara, watu wanaifungua tovuti yako kwa simu.

## Hatua ya 6: Rangi na ukubwa wa maandishi

Kanda ya ziwa ina watu wengi wenye ualbino, na ualbino huambatana na uoni hafifu. Wengi wao hawatumii kisoma skrini, wanakuza maandishi na kuisogeza simu karibu na uso. Wakaguzi wanaojali NVDA peke yake huwasahau kabisa.

Pima rangi kwa Colour Contrast Analyser. Maandishi ya kawaida yanataka tofauti ya 4.5 kwa 1 kati ya herufi na usuli. Maandishi makubwa, 3 kwa 1. Kijivu #999999 juu ya nyeupe ni 2.85 kwa 1, kimeanguka. Kijivu #767676 ni 4.54, kimepita, na ukiziweka rangi hizo mbili pembeni kwa pembeni tovuti haipotezi uzuri wowote. Pima pia maandishi meupe yaliyo juu ya picha ya ziwa au Mwamba wa Bismarck: picha ina mawingu na mawe yenye mwanga, na maneno huyeyukia humo.

Kisha kuza ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha hadi asilimia 200, halafu 400. Kwenye 400 ukurasa unapaswa kujipanga katika safu moja, bila kulazimika kuuvuta kulia na kushoto kwa kila mstari. Menyu iliyogandishwa juu ikimeza nusu ya skrini, iandike. Vitufe vidogo navyo vipimwe: kigezo cha toleo la 2.2 kinataka angalau pikseli 24 kwa 24, au nafasi ya kutosha pembeni yake.

Tahadhari: jaribu mara moja nje, juani, kwa simu yenye mwanga wa kawaida. Hicho si kigezo cha WCAG, lakini kinaondoa ubishi wa ofisini haraka kuliko namba yoyote.

Ukiwa hapa kagua video pia. Video ya kikao cha baraza la madiwani bila maandishi ya chini haimsaidii kiziwi. Maandishi yanayotengenezwa na mtandao kwa Kiswahili yahaririwe na mtu kabla ya kuwekwa, hasa majina ya kata na tarakimu za fedha.

## Hatua ya 7: PDF, ambako tovuti nyingi za umma huanguka

Unaweza kurekebisha kurasa zote na bado tovuti ikabaki imefungwa, kwa sababu habari yenyewe haimo ukurasani. Imo kwenye PDF iliyoskaniwa.

Safari yake tunaijua. Tangazo linaandikwa kwenye Word. Linachapishwa. Linasainiwa na kupigwa muhuri. Linaskaniwa. Linapandishwa. Kilichopanda ni picha ya karatasi, na kisoma skrini hakioni herufi hata moja ndani yake. Si hilo tu: faili la maandishi lingekuwa na kilobaiti mia hivi, la skani linafika megabaiti nyingi, na mtu wa kisiwani analipia kila moja kwa bando lake.

Jaribio ni jepesi. Fungua PDF, jaribu kuchagua neno kwa mausi. Neno likikubali kuchaguliwa, kuna maandishi. Ukichora mraba tu juu ya ukurasa, ni picha.

Fuata mpangilio huu wa kurekebisha:

a) Uliza kama inahitaji kuwa PDF. Tangazo la kurasa mbili liwekwe kama ukurasa wa kawaida wa tovuti. Fomu ya kujazwa kwa mkono ndiyo yenye sababu ya kuwa faili.

b) Tengeneza PDF kutoka Word yenyewe. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, weka safu ya vichwa kwenye majedwali, andika maelezo ya picha. Kisha hifadhi kama PDF, ukihakikisha chaguo la kuweka alama za muundo kwa ajili ya ufikivu limetiwa tiki. Usipitie njia ya kuchapisha kwenda PDF, kwa sababu hiyo hutupa alama zote za muundo.

c) Maliza suala la muhuri. Hoja utakayopewa ni kwamba waraka bila muhuri si rasmi. Usibishane. Weka toleo linalosomeka kwanza, na toleo lenye sahihi na muhuri chini yake kwa anayelihitaji. Muhuri wa kweli wa tangazo la mtandaoni ni anwani ya go.tz iliyolibeba.

d) Nyaraka za zamani zichambuliwe. Hutaweza kurekebisha mafaili yote ya miaka kumi. Kanuni za Uingereza zilisamehe nyaraka za kabla ya tarehe 23 Septemba 2018, isipokuwa zile ambazo mtu anazihitaji ili kupata huduma. Tumia akili hiyo hiyo: sheria ndogo zinazotumika leo, fomu, na viwango vya ada virekebishwe, na matokeo ya usaili wa miaka iliyopita yaende kwenye kumbukumbu.

e) Kama nakala ya Word imepotea, tumia programu ya kutambua maandishi ndani ya picha. Tesseract ni ya bure na inasoma Kiswahili. Lakini mtu asome matokeo neno kwa neno: programu ikigeuza 3 kuwa 8 kwenye tarehe ya mwisho ya maombi, umemdhuru mwananchi kuliko ulivyomsaidia.

Umefaulu pale PAC inapoonyesha muundo upo, na NVDA inasoma waraka kwa mpangilio sahihi, majedwali yakiwa na vichwa vyake.

## Hatua ya 8: Kaa na wenyewe

Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Anawafahamu viongozi wa vyama: Chama cha Wasioona, CHAVITA cha viziwi, chama cha watu wenye ualbino, na SHIVYAWATA inayoviunganisha. Omba watu watatu au wanne wenye ulemavu tofauti, wanaotumia simu au kompyuta zao kila siku. Watumie vifaa vyao wenyewe, maana wamevipanga wanavyovizoea.

Mpe kila mmoja kazi moja kwa maneno ya kawaida: "Mwalimu, tuseme unataka kuomba mkopo kwa ajili ya kikundi chenu. Tafuta masharti na fomu." Kisha nyamaza. Usimwelekeze, usimwambie "bonyeza pale kulia". Andika muda, pale alipokwama, na alichosema.

Katika kikao kimoja cha aina hii, kwenye halmashauri ya kando ya ziwa, mwalimu asiyeona aliongoza kisoma skrini kwa kasi ambayo hakuna afisa aliyeweza kuifuata. Alilipata tangazo la mikopo chini ya dakika moja, akafungua PDF, kisoma skrini kikanyamaza. Akabonyeza tena. Kimya. Akageuka akauliza kwa upole, "Ndugu zangu, ni mimi au faili halina kitu?" Mkuu wa idara aliyekuwa pembeni, ambaye ndiye aliyelisaini tangazo lile, aliagiza nakala ya Word ipandishwe kabla ya chakula cha mchana. Ripoti ya kurasa arobaini haikuwahi kumsogeza hivyo.

Kwa hiyo mwalike mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha. Akae, atazame, asiseme.

Tahadhari: lipa nauli na posho siku hiyo hiyo. Hawa ni washauri wako. Chagua chumba cha chini kama jengo halina lifti, na kwa kiziwi tafuta mkalimani wa lugha ya alama mapema, maana wapo wachache.

## Hatua ya 9: Andika ripoti inayorekebishika

Kila kasoro iwe mstari mmoja wa jedwali. Mfano:

- Namba: 7
- Mahali: Ukurasa wa Matangazo, viungo vyote vya "Soma zaidi"
- Kinachotokea: NVDA inatamka "Soma zaidi" bila kusema ni tangazo gani
- Anayezuiwa: Asiyeona, kwenye kazi ya mikopo na ya viwanja
- Kigezo: 2.4.4, ngazi A
- Aina: Kiolezo
- Anayerekebisha: (cheo na jina)
- Mwisho: (tarehe)
- Uthibitisho wa kwamba imepona: Insert na F7 inaonyesha jina la tangazo kwenye kila kiungo

Safu ya "Aina" ndiyo iliyokosekana kwenye ripoti nyingi nilizoziona, na bila hiyo kazi haigawiki. Kuna aina tatu.

*Maudhui* ni kile ambacho watu wa ofisi yako wanaandika na kupandisha: picha, PDF, majina ya viungo ndani ya habari. Hii iko mikononi mwenu, anza leo.

*Kiolezo* ni muundo wa tovuti wenyewe: menyu, rangi, alama ya kibodi, lugha ya ukurasa. Tovuti nyingi za halmashauri zinatumia kiolezo cha pamoja, hivyo afisa wa Misungwi au Sengerema hana ufunguo wa kukibadili. Kasoro hizi ziandikiwe barua kwenda kwa wanaokisimamia, kupitia njia za kawaida za TAMISEMI na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Zungumza na wenzako wa halmashauri jirani kwanza. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane, na barua moja yenye kasoro zile zile kutoka nane ina uzito. Kikirekebishwa kiolezo, wanafaidika wa Kagera, Mara na Geita pia.

*Mfumo wa nje* ni kule unakompeleka mwananchi kwa kiungo: malipo, leseni, ajira, manunuzi. Huwezi kuurekebisha, ila unaweza kuripoti na kuweka njia mbadala, kama namba ya simu ya ofisa atakayemsaidia mtu kupata kontroo namba.

Uzito upange kwa swali moja: je, kazi inaweza kukamilika? Haikamiliki, ni ya kwanza. Inakamilika kwa taabu, ya pili. Inaudhi tu, ya tatu.

## Hatua ya 10: Rekebisha, chapisha tamko, kagua tena

Kata mrija kwanza. Kuanzia wiki ya ripoti, hakuna PDF ya skani inayopanda peke yake wala picha isiyo na maelezo. Bandika sharti hilo kwenye kompyuta ya anayepandisha habari, na idara zikileta skani zirudishiwe. Mkisafisha ya zamani huku mapya machafu yanaingia, mtachoka bila kufika.

Kisha chapisha tamko la ufikivu, ukurasa mmoja unaofunguka kutoka chini ya kila ukurasa. Lieleze mlichokagua na lini, yasiyofikika hadi sasa, lini yatarekebishwa, na namba ya simu na barua pepe kwa mtu aliyekwama. Namba iwe ya mtu anayepokea simu kweli. Usiandike "tovuti yetu inafikika na wote" kama si kweli. Mtu asiyeona atajua ndani ya dakika mbili.

Baada ya wiki 12, rudia Hatua ya 4 hadi ya 8 kwa kazi zile zile na, ikiwezekana, watu wale wale. Mstari wa jedwali usifungwe kwa barua ya idara kusema "imerekebishwa". Ufungwe kwa uthibitisho ulioandikwa pale: kitufe kimebonyezwa, kimesikika, na aliyejaribu ameweka jina lake na tarehe. Halafu kila mwezi chukua nyaraka tano za mwisho zilizopandishwa, uzifungue kwa NVDA, na umpelekee Mkurugenzi matokeo kwa mistari mitano.